Unaishi Chumba Gani?

Mdogo wangu uliyeniuliza ununue spika au hedifoni za kompyuta yako, umeniandikia bajeti, umeniandikia mpaka rangi unayoipenda, lakini hujaniambia unaishi chumba cha namna gani. Kama umepanga chumba kimoja chenye vigae, kuta tupu na mlango unaotazamana na wa mama mwenye nyumba, nunua hedifoni. Hata sihitaji kusikia mengine.

Ukisikiliza spika unasikiliza na chumba. Sauti inagonga ukuta inarudi, inagonga dari inarudi tena, na besi ndiyo mkorofi kuliko zote: ukiibana spika kwenye kona, besi inavimba mpaka kila wimbo unakuwa na kishindo kilekile. Kama una nafasi, mapazia mazito na kochi, hapo tunaweza kuongea. Ziweke spika mbili usawa wa masikio, zitenge na ukuta, na umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja mpaka kichwani kwako. Hilo halina gharama, ila wengi hawalifanyi.

Najua utaniuliza, na sabufa je? Kwa shughuli na singeli, iache ipige. Kwa kuhariri video au kutengeneza midundo itakudanganya: utadhani besi imejaa, kumbe wimbo ukichezwa kwenye gari la rafiki yako, besi huioni. Na yale maandishi ya "wati 5,000 PMPO" kwenye boksi, yasome kama bango la mganga wa kienyeji. Geuza kifaa nyuma uone kinakula wati ngapi za umeme. Kinachokula 60 hakiwezi kukupa 5,000 za kusikiliza. Uliza wati za RMS, yaani zile ambazo kifaa kinazitoa mfululizo.

Turudi kwenye hedifoni. Kuna zilizo wazi nyuma, kama Sennheiser HD 600 zilizotoka 1997 na zinazosifiwa mpaka leo. Tamu kweli, lakini feni, bodaboda na redio ya jirani vyote vitaingia, na muziki wako utamkera anayelala kitanda cha pili. Wewe chukua zilizofungwa. Sony MDR-7506 ziko studio tangu 1991. Waya wake wa kujiviringisha unaniudhi, ila hazipambi sauti, mwimbaji akiteleza utamsikia.

Hapa kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa hedifoni dhidi ya umeme, ndipo watu wanapoumia. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, zipo za omu 32, 80 na 250, na kwa macho zinakaribia kufanana. Muuzaji akikupa za 250 kwa kuwa ndizo zilizobaki dukani, ukizichomeka kwenye laptopu zitanong'ona, maana zinataka amplifaya. Kama huna, chukua za 32.

Bluetooth siikatai, kwa daladala inafaa sana. Ila ukiingia kwenye kikao na kutumia maiki ya hedifoni hizohizo, mara nyingi kompyuta huhamia njia ya simu, ambayo ni nyembamba, na muziki wote unapauka. Ingia kwenye mipangilio, chagua maiki ya laptopu yenyewe, sauti itarudi. Kwa anayepiga kinanda cha muziki kupitia kompyuta, hapo sina dawa: sauti huchelewa kidogo kufika sikioni na vidole vinapotea. Tumia waya.

Ukisikia mvumo kwenye hedifoni za waya wakati hakuna kinachocheza, usikimbilie kuzirudisha dukani. Chomoa chaja kwanza. Mvumo ukikatika, shida ni umeme unaopenya kwenye tundu la laptopu; tafuta adapta ndogo ya USB yenye tundu la hedifoni.

Siku ya kununua, usimwachie muuzaji achague wimbo. Nenda na nyimbo unazozijua vizuri: mmoja wa sauti ya mtu na gitaa tu, mmoja wa taarabu yenye vyombo vingi, mmoja wa besi. Anza kusikiliza kwa sauti ya chini, kwa sababu kila kitu kikipigwa juu huonekana kizuri. Zivae muda mrefu kidogo uone kama zinabana. Waya uwe wa kuchomoa ukiweza kupata, na uulize kama pedi za masikio zinauzwa peke yake. Yaulize yote hayo kabla hujatoa pesa, maana risiti nyingi zimeshaandikwa kuwa mali ikiuzwa hairudi.