Sekunde Mbili na Nusu za Mvamizi

Barabara ya kutoka Narok kwenda Bomet inapita Mulot, jirani na mto Amala, mahali Wakipsigis na Wamaasai wanapokutana. Ukiendelea kupanda kutoka hapo utaikuta chai, nayo haikuachi mpaka uvuke Kericho. Katika nchi hii, ukitaka kujua kama kijana ana kipaji cha michezo, unamkimbiza na kuangalia saa. Wilson Kiprugut wa Kericho aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo mwaka 1964. Miaka 60 baadaye Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani katika kaunti hiyohiyo, alimaliza mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54.14, rekodi ya dunia. Kipimo kilichotoa watu kama hawa, nani atakitilia shaka?

Sasa mfikirie kijana mwingine wa Mulot. Ana kilo 110, anacheza raga shuleni, na kwenye mbio za nyika hufika wakati wenzake wameshavaa sweta. Hapa nyumbani ameshahukumiwa. Marekani kuna watu wanaolipwa kuwatafuta vijana wa umbo lake kwenye timu za vyuo, wawapime, kisha wawapendekeze kwa klabu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ambazo kila mwaka huwachagua kwa zamu katika raundi saba. Hiyo ndiyo drafti, na kati ya wanaogombaniwa zaidi ni yule ambaye kazi yake ni kumvamia mrusha mpira. Tumwite mvamizi. Anapimwaje? Nadhani ni afadhali tulijenge jibu kutoka chini, bila kukariri orodha ya vipimo.

Tuanze na kazi yenyewe. Mrusha mpira, kwotabeki, hupokea mpira, hurudi nyuma na kusimama mita sita au saba hivi kutoka mstari ulikoanzia mchezo, akitafuta wa kumrushia. Kwa kawaida mpira hutoka mkononi mwake ndani ya sekunde mbili na nusu au tatu. Mvamizi huanzia ukingoni mwa mstari, na mbele yake kuna mlinzi wa kilo 140 mwenye mikono mirefu, aliyepewa kazi moja tu ya kumchelewesha. Kwa sababu ya mlinzi huyo hawezi kwenda moja kwa moja. Humzunguka, na njia yake inakuwa upinde wa mita tisa hivi.

Toa sehemu ya tano ya sekunde ambayo ubongo hutumia kuona mpira umeondoka na kuiamuru miguu. Zinabaki sekunde 2.3. Mita 9 kwa sekunde 2.3 ni wastani wa mita 3.9 kwa sekunde. Tazama tena namba hiyo, maana ni ndogo. Chebet alikwenda wastani wa mita 5.8 kwa sekunde kwa karibu dakika 29. Mwanafunzi yeyote mzima akichelewa kengele hukimbia zaidi ya mita 3.9 kwa sekunde. Kwa hiyo kasi ya juu kabisa, ile tunayoishangilia uwanjani, siyo inayomtenganisha mvamizi mzuri na wa kawaida. Kinachomtenganisha ni kuianzisha kasi hiyo kutoka kusimama, kuishika akiwa anakata kona, na kufanya yote mawili huku mtu mzito kuliko yeye akimsukuma.

Hata chanzo cha nguvu za mwili ni kingine. Mkimbiaji wa masafa hutumia oksijeni. Moyo na mapafu ndio mtaji wake. Tendo la sekunde tatu humalizika kabla oksijeni haijapata nafasi ya kusaidia. Msuli hutumia ATP iliyopo tayari, kisha huijaza upesi kwa fosfokreatini, akiba inayotosha sekunde kumi hivi za nguvu zote. Nyuzi za msuli zinazohitajika ni zile za haraka, zinazokaza kwa nguvu na kuchoka upesi, na mbio za nyika haziwezi kuzionyesha. Mapafu ya nyanda za juu hayapotei bure, lakini. Kati ya tendo moja na lingine kuna mapumziko mafupi, mara nyingi chini ya dakika moja, na fosfokreatini hurudishwa kwa oksijeni. Mwenye pumzi nzuri ataonekana katika robo ya mwisho ya mechi, wenzake wakiwa wameshaishiwa.

Turudi kwenye hatua za kwanza. Vipimo maarufu vya drafti hufanyika Indianapolis, na kile kinachotangazwa zaidi ni mbio za yadi 40, yaani mita 36.6. Kwa mvamizi kipimo hicho kina ajabu yake: ni mara ngapi katika mechi atakimbia mita 36 akiwa amenyooka? Wachambuzi makini huangalia yadi 10 za mwanzo, mita 9.14, ambapo wavamizi wazuri hukaribiana na sekunde 1.6. Tofauti ya sehemu ya kumi ya sekunde, kwa mtu anayefikia mita 6 kwa sekunde, ni sentimita 60. Ni pungufu ya urefu wa mkono, lakini inaamua kama mlinzi atamshika bega au atashika hewa.

Na hapo saa ya mkononi inatuangusha. Mwalimu anayeibonyeza kwa kidole huweza kukosea kwa sehemu ya kumi au zaidi, yaani kosa lake ni kubwa kama kile anachokitafuta. Simu ni afadhali. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu picha kutoka mguu ulipoanza kusogea hadi kifua kilipovuka alama, kosa lako linashuka hadi sehemu ya thelathini ya sekunde hivi. Simu hazikosekani Mulot.

Kuna njia isiyohitaji saa hata kidogo. Mpake kijana chaki vidoleni, aguse ukuta akiwa amesimama, kisha aruke na kugusa tena. Akiruka sentimita 80, sheria za graviti zinasema aliondoka ardhini kwa mita 4 kwa sekunde hivi, maana kasi ya kuondoka ni mzizi wa pili wa mara mbili ya graviti ukizidisha na kimo cha mruko. Zidisha kasi hiyo kwa uzito wake. Mwembamba wa kilo 60 na mnene wa kilo 115 wakigusa alama moja ukutani, watazamaji watasema wametoka sare. Ardhi inajua kuwa wa pili ameisukuma karibu mara mbili zaidi. Ndiyo maana mapendekezo ya drafti huandika uzito karibu na mruko: kila kimoja peke yake ni nusu ya habari.

Lakini kipaji adimu kuliko vyote kiko kwenye kona. Mtu anayekimbia kwenye upinde lazima avutwe kuelekea ndani, la sivyo atanyooka na kumpita kwotabeki kwa nyuma. Mchapuko unaohitajika ni kasi ikizidishwa kwa kasi, kisha igawanywe kwa nusukipenyo cha upinde. Tuseme mvamizi anakwenda mita 5 kwa sekunde kwenye upinde wa nusukipenyo mita 3. Ishirini na tano gawanya kwa tatu ni 8.3. Graviti yenyewe ni 9.8. Kwa hiyo anatakiwa kuvutwa pembeni kwa nguvu inayokaribia ile inayomvuta chini! Ili asianguke lazima alalie ndani, na hesabu ya pembe inatoa kama digrii 40 kutoka wima. Akiwa na kilo 120, miguu yake inasukuma ardhi kwa upande kwa newtoni 1,000.

Tazama kinachotokea akishindwa kulala hivyo. Vifundo vyake vikimruhusu digrii 32 tu, upinde wake unapanuka hadi mita 4, njia inarefuka, na ile faida ya sentimita 60 aliyoipata mwanzoni imeliwa. Au apunguze mwendo, na matokeo ni yaleyale. Wapimaji wa Indianapolis hulitafuta jambo hili kwa koni tatu zilizopangwa kwa umbo la herufi L, yadi tano kutoka moja hadi nyingine. Mchezaji huenda, hurudi, kisha huzizunguka, na mvamizi anayekamilisha chini ya sekunde 7 huandikwa kwa wino mzito. Mawe matatu yatafanya kazi hiyohiyo kwenye uwanja wa shule. Angalia tu mvua. Kani ya upande hutoka kwenye msuguano wa nyasi na njumu, na Kericho mvua ya alasiri ni mwenyeji. Ukimpima mmoja asubuhi kwenye nyasi kavu na mwenzake saa kumi jioni kwenye tope, umepima hali ya hewa.

Kisha kuna kugongana. Mlinzi ana kilo 20 zaidi, na bado mara nyingi ndiye anayerudi nyuma. Aliyewahi kusukuma matatu iliyokwama kwenye barabara ya udongo hahitaji maelezo marefu: anayesukuma akiwa amesimama wima huteleza, aliyeinama mikono ikiwa chini na miguu nyuma huisogeza. Kani inayopita chini ya kitovu cha uzito cha mwenzako na kuelekea juu humpunguzia kushikana na ardhi, na bila ardhi kilo zake 140 hazina pa kujishikiza. Urefu wa mikono nao unahesabiwa hapa, kwa sababu anayefika kwanza kifuani mwa mwenzake ndiye anayechagua pembe. Kipimo cha kuinua chuma cha kilo 102 mara nyingi iwezekanavyo ukiwa umelala chali nakiona hafifu kwa kazi hii. Hakuna mvamizi anayefanya kazi amelala, wala kazi yake haihitaji kurudia mara 30 bila kupumzika.

Vernon Gholston alikiinua mara 37 mwaka 2008. Alikuwa na mbio, alikuwa na umbo, na msimu wake wa mwisho pale Ohio State alikuwa amewaangusha makwotabeki mara 14. New York Jets walimchukua wa sita. Katika misimu mitatu aliyokaa nao hakumwangusha kwotabeki hata mara moja. Miaka mitano kabla yake Terrell Suggs, aliyekuwa ameangusha mara 24 katika msimu mmoja wa Arizona State, alikimbia yadi 40 kwa zaidi ya sekunde 4.8, mwendo ambao ulizua minong'ono. Baltimore Ravens walimchukua wa kumi. Alistaafu akiwa na maangusho 139.

Watu hupenda kuwaweka wawili hawa pamoja kisha waseme vipimo havina maana. Mifano miwili haithibitishi jambo hilo, na hesabu ya maangusho nayo inadanganya kwa namna yake. Tuseme mvamizi wa chuo anavamia mara 350 katika msimu na kuangusha mara 10. Tukio adimu kama hilo huyumba kwa bahati kwa kiasi cha mzizi wa pili wa idadi yake, yaani tatu hivi. Uwezo uleule, bila kubadilika hata chembe, unaweza kumpa 7 mwaka huu na 13 mwakani: kwotabeki mmoja aliteleza, mwingine alirusha nusu sekunde mapema. Sasa hesabu badala yake kila mara alipomlazimisha kwotabeki kukimbia au kurusha kwa haraka. Tuseme ni mara 50. Mzizi wake ni saba. Kuyumba kumeshuka kutoka theluthi moja ya hesabu hadi sehemu ya saba. Kijana yuleyule, mechi zilezile, lakini swali lililoulizwa vizuri zaidi.

Tena waliofika Indianapolis wameshachujwa mara nyingi: shule, chuo, kocha, mwaliko. Wote ni wazito, wote wana mbio. Baina yao kilo tano hazisemi mengi, kwa sababu waliokosa kilo hizo hawakuitwa. Kwenye uwanja wa Mulot, ambako hakuna aliyechuja mtu kwa kazi hii, kipimo hichohicho kina thamani kubwa sana. Uzito na mruko wa ukutani pekee vitawapunguza vijana 200 hadi wawili au watatu.

Kwa njia hiyo tunaweza kuelewa kilichompata Daniel Adongo. Alikuwa Mkenya wa raga aliyecheza Afrika Kusini na New Zealand, mrefu wa takriban mita 1.96, na mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili bila kupitia drafti, wakamweka nafasi ya ukingoni, ya uvamizi. Hakuwa amewahi kucheza mchezo huo. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Mwaka 2015 klabu ilimwachia, akiwa amecheza mechi chache tu. Colts walikuwa na uzito, kimo, mbio na mwili uliozoea kugongana. Mavamio 350 ya chuo hawakuwa nayo, wala hata 35. Walijua mwili wake unaweza nini, lakini hawakuwa na namba moja ya kuwaambia ni kwa kasi gani macho yake yatasoma mguu wa mlinzi unaoanza kurudi nyuma. Sehemu ya tano ya sekunde tuliyoiweka kando mwanzoni inaweza kuwa theluthi kwa mtu anayefikiri kila hatua, na mvamizi anayekwenda mita 5 kwa sekunde hupoteza hapo zaidi ya nusu mita.

Kwa hiyo mwalimu wa Mulot mwenye kijana wa kilo 110 ana mambo ya kuandika: uzito, urefu wa mkono, mruko wa ukutani, mita 9.14 kwa video, mawe matatu kwenye nyasi kavu. Hayo ni ya alasiri moja. Kisha msimu mzima wa raga urekodiwe kutoka pembeni mwa uwanja na kutoka nyuma ya goli, kila mara anapomkimbilia mwenye mpira ihesabiwe, awe amemkamata au la, na zile alizozungukwa zisifutwe.