Somo: Tusichague Mtu kwa Utamu wa Maneno



Mwaka mmoja kikundi chetu kilitaka mweka hazina. Mtu mmoja alisimama, akaongea vizuri, tukapiga makofi na kumchagua. Baada ya miezi michache daftari halisomeki, na akina mama waliokuwa wakiweka pesa za karo hawajui zao ni ngapi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kama anajua kuandika hesabu.

Kosa hili si letu peke yetu. Msomi mmoja alilifanya, kisha akatumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyoamua mambo. Ni Daniel Kahneman, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki 2024.

Akiwa kijana jeshini huko Israeli, alitazama askari wakishirikiana kuvuka ukuta na gogo refu, ili aseme nani atafaa kuwa afisa. Yeye na wenzake walikuwa na hakika kabisa. Lakini habari zilipotoka chuo cha maafisa, ilionekana walishinda kubahatisha kwa kidogo tu. Na bado, kundi lililofuata walilipima kwa hakika ile ile! Kumbe kuwa na hakika si kuwa sahihi.

Akapewa kazi ya kutengeneza njia mpya ya kuwahoji vijana. Alichagua mambo sita. Kila jambo lilikuwa na maswali yake juu ya yale kijana alikwisha kuyafanya, na alama iliandikwa kabla ya kwenda jambo lingine. Wahojaji walinung'unika kwamba anawageuza mashine. Basi akawaambia: mkimaliza, fumbeni macho, mfikirieni kijana huyo akiwa askari, mtoe alama moja zaidi. Njia hii ilishinda ile ya zamani. Hata alama ya kufumba macho ilisaidia, kwa sababu ilikuja mwisho.

Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu, akafanya utafiti na rafiki yake Amos Tversky, aliyefariki 1996. Mwaka 2002 Kahneman alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi, ingawa somo lake lilikuwa saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu.

Sasa tufanyeje tukichagua mweka hazina?

1. Kabla ya mkutano tuandike mambo manne au matano: anajua hesabu? Analipa madeni kwa wakati? Anafika mikutanoni?
2. Tuulize alichofanya, si anachoahidi.
3. Kila mwanachama atoe alama kwa siri, jambo moja moja. Asiyejua kuandika atumie punje za mahindi, moja hadi tano.
4. Mwisho ndipo tuzungumze na kuamua.

Maswali ya kujadili

- Mara ya mwisho tulimchagua kiongozi kwa sababu gani?
- Nani huongea kwanza mkutanoni, na wengine humfuata?
- Tukikosea, ni pesa za nani zinazopotea?