Umesoma Nini Majuzi?

Wasomaji wa Migori na Homa Bay huniuliza mengi kuhusu vitabu, lakini maswali mawili hayakosi: nitawasimuliaje wenzangu nilichosoma majuzi, na je, kuna haja ya kuacha aina ya vitabu ninavyovipenda nijaribu vingine? Nimefundisha fasihi shule za sekondari muda mrefu, na kwangu hayo ni swali moja. Ni nadra mtu kuhamia utanzu mgeni kwa sababu ameambiwa utamfaa. Huhamia kwa sababu mtu anayemwamini amemsimulia kitabu hadi akakosa subira.

Mwalimu, naendesha bodaboda hapa Migori mjini. Nikisubiri abiria husoma hadithi za uhalifu na upelelezi, basi. Kuna ubaya nikibaki huko huko?

Hakuna ubaya, ndugu yangu. Msomaji aliyezama katika utanzu mmoja anajua mengi. Anajua mwandishi anapomficha jambo, anajua shahidi wa uongo anavyozungumza, na akidanganywa ovyo hukasirika kwa haki. Kama umesoma *My Life in Crime* ya John Kiriamiti, iliyotoka 1984 baada ya mwandishi kuiandika akiwa kifungoni, wewe tayari ni mhakiki wa namna fulani, maana umekwisha kujiuliza kwa nini unamhurumia mwizi wa benki.

Lakini hebu jiulize, unachokipenda hasa ni nini? Ikiwa ni fumbo lenyewe, hujatoka mbali ukimfuata mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyetuandikia *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka wa 1960. Utakutana na Kiswahili cha Unguja kitakachokufunza mengine mengi huku ukimtafuta muuaji. Ikiwa unachokipenda ni siri za wakubwa na damu iliyomwagika, basi panda matatu hadi Mbita, uvuke uende Rusinga kwenye kaburi la Tom Mboya, kisha utafute wasifu wake ulioandikwa na David Goldsworthy mwaka wa 1982. Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mtu mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, na swali la nani alimtuma halijawahi kufungwa. Hiyo ni historia na siasa, tanzu ambazo pengine ulizikimbia shuleni, ila swali linalokufungulia kurasa ni lile lile ulilolizoea.

Ushauri wangu kwa kila anayetaka kutoka nje ya utanzu wake ni huo. Usibadilishe mambo mawili kwa mpigo. Badilisha utanzu, lakini lile jambo linalokugusa ulishikilie. Anayependa mapenzi na akachukua kitabu cha uchumi kwa kujilazimisha, atakifunga kabla ya sura ya pili na aseme vitabu vya uchumi havisomeki.

Mwalimu, nikianza kusimulia kitabu nilichosoma, wenzangu ofisini hunichoka upesi. Mmoja alisema najionyesha. Nifanyeje? (Karani, Homa Bay)

Dada yangu, pengine unaanza na jina la kitabu, jina la mwandishi na tuzo alizoshinda, kisha unataka kupita kisa chote toka mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji hajapata bado sababu ya kujali. Anza na mtu aliye mashakani.

Nikupe mfano wa kitabu nilichomaliza majuzi. Ningewaambia wenzangu hivi: huko Ukerewe, kwenye ziwa hili hili letu, mume na mke wanapendana sana, lakini hawana mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao wanarudi naye kwao. Mume amebaki peke yake na nyumba yake. Afanye nini, amwendee mkewe kwa wakwe wale wale, au atafute mwingine kama watu wanavyomshauri?

Hapo unanyamaza. Sijaona kikao cha watu wa Nyanza kitakacholiacha swali hilo lipite. Atatokea wa kuwatetea wakwe, na mwingine atauliza mahari yalikuwa ng'ombe wangapi. Wakishapamba moto ndipo uwaambie kwamba kitabu ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, cha Aniceti Kitereza, na kwamba kisa cha kitabu chenyewe kinauma kama kile kilichomo. Kitereza alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka wa 1945. Hakupata wa kukichapa katika lugha hiyo ya watu wachache. Akakaa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata alifariki.

Waambie pia ukweli wote. Kitabu hicho hakina haraka. Mwandishi alitaka mila za wazee wake zisipotee, kwa hiyo mtu akitengeneza pombe ya ndizi, utaelezwa hatua kwa hatua. Mganga akija, utajua mizizi gani imechimbwa. Mimi kurasa hizo nilizipenda kuliko zote, lakini najua zitamshinda aliyezoea riwaya za mbio. Ukimficha rafiki yako ugumu wa kitabu, siku atakayoufikia ataacha kukiamini kitabu na kukuamini wewe pia.

Halafu uliza na wewe: umesoma nini majuzi? Jibu likiwa ni kurasa za michezo za gazeti au barua kwa Wakorintho, sikiliza kwa makini vile vile. Anayekuona unamsikiliza ndiye kesho atakayekubali kupokea kitabu mkononi mwako.

Hapa Awendo naona vijana wanaacha kusoma siku wanapomaliza Kidato cha Nne. Je, si vitabu teule vya shule vilivyowaharibia hamu? (Mwalimu mwenzako)

Mwalimu mwenzangu, lawama tunayo. Tumewafundisha watoto kuingia katika riwaya wakiwinda dhamira, wahusika na mbinu za uandishi, na mtu akishafunzwa kuwinda tu, hajui tena kutembea kwa raha. Lakini sitavitupa vitabu teule. Mtihani ndio uliomfanya msichana wa Uriri asome riwaya, tamthilia na hadithi fupi katika miaka ile ile, tanzu tatu alizoweza kuishi hadi uzeeni bila kuzigusa. Mpango huo ni mzuri. Kilichopungua ni mtu wa kumwuliza, mtihani ukiisha, ni kipi kati ya hivyo alichokipenda bila alama.

Tena kuna hazina tunayoilalia. *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi na *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege zilipoingia shuleni, *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei na *Kigogo* ya Pauline Kea zilibaki majumbani, chini ya vitanda na juu ya makabati. Kwa nchi iliyoanza kutoza vitabu ushuru wa VAT wa asilimia 16 mwaka wa 2013, hilo ni jambo kubwa. Mzazi anayelalamika kwamba vitabu ni ghali aanze kwa kusoma alivyomnunulia mwanawe mkubwa. Awendo pia mna maktaba ya umma. Mpeleke kijana huko siku ambayo hana kazi ya shule, aangalie rafu atakazo yeye.

Na kama umri umesonga, rudia kile ulichotahiniwa nacho. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto. *The River and the Source* ilitoka 1994, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Wengi wetu tuliisoma, au tuliisomesha, tukimtafuta mhusika wake Akoko kama jibu la swali la alama 20. Mwanamke wa miaka 45 aliyezika, aliyelea, aliyegombania shamba na shemeji, atakutana na Akoko mwingine kabisa.

Nimelelewa Kendu Bay katika nyumba ya kanisa. Vitabu vyangu ni vya kiroho. Hadithi za kubuni naziona kama uongo uliopambwa. Nikosoe ikiwa nimepotoka.

Mama, sitakukosoa, maana kusoma kwenyewe kuliingia sehemu hii ya ziwa kupitia mlango huo wako. Misheni ya Waadventista Wasabato ilianzishwa Gendia mwaka wa 1906, na haikupita miaka mingi mmisionari Arthur Carscallen akaleta mtambo wa kuchapia. Kazi ya uchapishaji ya kanisa bado iko Kendu Bay hadi sasa. Watu wa Karachuonyo walianza kushika maandishi ya Dholuo yaliyochapwa jirani na makwao mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya. Huo ni urithi wa kujivunia.

Sasa tazama urithi huo ulizaa nini. Paul Mboya alikuwa mchungaji wa kanisa hilo hilo kabla ya kuwa chifu wa Karachuonyo, na mwaka wa 1938 akatoa *Luo Kitgi gi Timbegi*, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo ambacho watafiti wanakitegemea hadi leo. Hakikubuniwa. Ukitaka kutoka nje ya vitabu vya ibada bila kuvunja moyo wako, anza na mchungaji huyo. Baadaye, ukiwa tayari, msome Grace Ogot katika *Simbi Nyaima*, alichokiandika kwa Dholuo kuhusu ziwa ulilokua ukiliona, na kijiji kilichozama kwa kumnyima bikizee chakula na mahali pa kulala.

Kuhusu uongo: mwana mpotevu hana kijiji wala kaburi tunaloweza kulionyesha, na hakuna Mkristo anayemwita wa uongo. Bwana Yesu alipotaka watu waone mioyo yao, mara nyingi aliwapa kisa. Waandishi wazuri wa riwaya wanaifanya kazi ya jirani na hiyo, nami naamini hivyo kwa dhati.

Mashairi je? Hayaniingii kabisa.

Labda umeyakabili kwa macho tu. Tafuta *Wimbo wa Lawino* wa Okot p'Bitek, uliotafsiriwa na Paul Sozigwa, umpe mtu mwenye sauti akusomee ukiwa jikoni. Ni mke anayemlalamikia mume aliyemwacha kwa ajili ya mwanamke wa kisasa. Kama unajua Dholuo na utapata toleo la Kiacholi, utashangaa ni maneno mangapi unayaelewa.

Naishi Isebania, nina ndugu Tarime na Shirati. Mimi husoma historia peke yake kwa sababu nataka kujua tulivyogawanyika hapa mpakani. Riwaya zitaniongezea nini?

Historia itakwambia watu walihama lini na kwa nini. Haitakwambia mke alilia usiku wa kuondoka. Soma *The Promised Land* ya Grace Ogot, ya 1966. Ochola anamchukua mkewe Nyapol, wanahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Nyapol hakutaka kuondoka. Ochola anafanikiwa shambani, na mafanikio hayo yanamletea husuda ya jirani, kisha ugonjwa wa ajabu unaomharibu ngozi na ambao hospitali haiuwezi.

Angalia mwandishi alivyofanya. Ameanza na kisa cha kilimo na ndoa, kisha uchawi ukaingia katikati bila kubisha hodi. Waliozoea kupanga vitabu katika makundi hutatizika hapo. Kwangu kitabu hicho ni ushahidi kwamba waandishi wetu wa kwanza hawakujali mipaka ya tanzu, kwa kuwa hadithi walizosikia kwa bibi zao hazikuwa nayo. Wewe mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka wa Sirari utausoma uhamaji ule tofauti na msomaji wa Nairobi. Ukimaliza, irudie historia yako. Utaona una maswali ambayo hukuwa nayo.

Nikijaribu utanzu mpya nikaona kitabu kinanishinda, niache au nivumilie?

Kwanza tofautisha kuchoshwa na kuzidiwa. Ukichoshwa, kila ukurasa unajua utakaofuata, na hapo acha bila kujilaumu. Ukizidiwa, hujui unaelekezwa wapi lakini kuna sentensi zinakung'ang'ania. Hapo pumzika, usikitupe.

Mara nyingi shida ni mlango ulioingilia. Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, aliandika *Nagona* mwaka wa 1990, kitabu chembamba mno ambacho hata wasomi hubishana kinasema nini. Nimewaona watu wakianza nacho kwa sababu ya wembamba wake, kisha wakaapa kutomgusa tena mwandishi huyo. Ningekupa kwanza *Rosa Mistika* ya 1971. Msichana anatoka kijijini Namagondo, katika nyumba ya baba mkali mno, anakwenda shuleni, na dunia inampokea vibaya. Shule za Tanzania zilikipiga marufuku kwa muda, na ukikisoma utaelewa wazazi waliogopa nini. Kisomwe na baba mwenye mabinti. Ukishaizoea sauti ya Kezilahabi katika kisa kilichonyooka, *Nagona* utaijaribu mwaka mwingine.

Na kitabu ulichokiacha kisimulie pia. Waambie wenzako uliachia ukurasa gani na ni kitu gani kilikukinaisha, halafu kiweke mezani. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja wao atanyoosha mkono akichukue kwa sababu hiyo hiyo iliyokufanya wewe ukiache.