Pini Saba, Kazi Saba: Tusichomeke Kabla ya Kujua

Hebu tufikiri pamoja. Karakana moja hapa Karatu imeletewa kipimo cha zamani cha umeme, cha kupimia redio. Ni kizito, kina mshale na swichi nyingi. Nyuma kina soketi ya duara yenye pini saba ndani yake. Waya wake umepotea. Kijana anasema, "Tuchomeke waya wowote tu, tuone." Fundi mzee anamjibu, "Subiri mwanangu. Ukishaona moshi umechelewa."

Mzee anasema kweli. Pini moja yaweza kuwa ya umeme mkubwa wa kuua mtu. Pini ya jirani yake yaweza kuwa ya umeme mdogo kama wa tochi. Tukizichanganya, kipimo kitaungua, au mtu atakufa.

Tuanze na tela

Wengi wetu tumeshaona pini saba. Ziko nyuma ya trekta, pale waya wa taa za tela unapochomekwa. Tela la vitunguu likitoka Mang'ola usiku bila taa, ni hatari kwa wote barabarani. Kwa hiyo soketi ya kawaida ya Ulaya ina utaratibu mmoja. Pini namba 1, waya wa njano, ni indiketa ya kushoto. Namba 3, waya mweupe, ni ya ardhi. Namba 4, waya wa kijani, ni indiketa ya kulia. Namba 6, waya mwekundu, ni taa ya breki. Fundi akizijua namba hizo, kazi yake ni nyepesi.

Vipimo vya zamani si hivyo. Mara nyingi kila kiwanda kilipanga pini kilivyopenda. Soketi mbili zaweza kufanana kama mapacha, lakini kazi za pini zao ni mbalimbali. Basi, umbo la soketi peke yake si ushahidi.

Rangi nazo hudanganya

Katika waya za zamani za Uingereza, nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, na kijani ni ardhi. Katika waya za Marekani, nyeusi ndiyo moto, na nyeupe ni nyutro! Katika waya za siku hizi za Ulaya, kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ardhi. Kwa hiyo tusiseme, "Nyeusi ni salama." Kwanza tuulize: chombo hiki kimetoka wapi?

Tufanye nini?

1. Tusichomeke kitu. Kama kina betri, tuitoe.

2. Tusome kibao cha nyuma. Tuandike jina la kiwanda, namba ya chombo na volti zake. Umeme wetu wa Tanzania ni volti 230. Vyombo vingi vya Marekani vilitengenezwa kwa volti kama 115 au 120. Kikiwa cha volti hizo tu, kikiingizwa kwenye umeme wetu moja kwa moja kitaungua.

3. Tuchore soketi. Tuhesabu pini na tuzipe namba. Tuandike pia, "Nimeiangalia kwa mbele," au "kwa nyuma." Hapa wengi hukosea. Ukiiangalia soketi kwa nyuma, kushoto kunakuwa kulia, na namba zote zinageuka.

4. Kazi ya ndani tumwachie fundi aliyejifunza umeme. Kapasita za ndani huweza kutunza umeme hata chombo kikiwa kimezimwa. Fundi atautoa umeme huo kwanza.

5. Kisha fundi aweke mita kwenye omu, apime kati ya bodi ya chuma na kila pini. Pini iliyoungana na bodi huenda ikawa ya ardhi. Asitumie betri na globu ya tochi kama afanyavyo kwenye tela. Globu hupitisha umeme mwingi, na waya mwembamba wa mshale waweza kukatika.

6. Afuate waya kwa macho, pini moja moja. Waya ziendazo kwenye fyuzi na swichi kubwa, kisha kwenye transfoma, mara nyingi ndizo za kuingiza umeme. Kila anachothibitisha akiandike kwenye mchoro. Asichokijua aweke alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza si aibu.

Faida ya kujua kuandika

Tuseme chombo kama hicho kiko Endulen, ndani ya Ngorongoro, na fundi yuko Karatu mjini. Safari ni ndefu na chombo ni kizito. Lakini karatasi yenye mchoro, namba na volti inaenea mfukoni. Fundi akiisoma, ataweza kutafuta kitabu cha chombo hicho, au kukuambia ukilete. Hapo kalamu imefanya kazi kabla ya bisibisi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini rangi ya waya peke yake haitoshi?
2. Kwa nini tuandike kama tumeiangalia soketi kwa mbele au kwa nyuma?
3. Chora soketi ya tela kijijini kwako. Andika kazi ya kila pini unayoijua. Usiyoijua, weka alama ya kuuliza, kisha umwulize fundi.