KIBAO MBELE YA DUKA: KAZI YA MKONO NA YA KICHWA



Kila siku tunapita mbele ya vibao vilivyoandikwa kwa mkono: kwa kinyozi, kwa mshonaji, butiki, farmasi, hata kwenye mlango wa kanisa. Tunavisoma bila kumuwaza aliyeviandika. Wengine kati yetu wanasema hii kazi ni ya wale walioshindwa masomo. Sisi wa kalasi ya mwisho tunakataa, na sababu zetu ni hizi.

1. Kibao ni nini?

Kibao ni neno la mwenye duka kwa mpita njia. Kinasema na watu wa namna mbili: anayejua kusoma na asiyejua. Ndiyo maana kinyozi anachorewa kichwa na makasi, fundi wa viatu anachorewa kiatu, na farmasi inapewa msalaba wa kijani. Mama aliyetoka kijijini na mtoto mwenye homa, hata kama hajui kusoma, atafuata ule msalaba. Kama ndani hamna dawa nzuri wala mtu aliyesomea dawa, kibao kimemdanganya, na mtoto anaweza kufa. Basi kibao si pambo tu, ni ahadi.

Tena si jambo jipya. Katika Yohana 19 tunasoma kwamba kibao cha Pilato juu ya msalaba kilikuwa na lugha 3, hata wageni wakaweza kukisoma. Kwetu pia vibao vinachanganya Kifaransa na Kiswahili.

2. Kinaandikwa namna gani?

Kwanza bati au ubao unasuguliwa kwa msasa na kufutwa vumbi. Halafu unapakwa rangi ya chini, unaachwa ukauke kabisa. Rangi juu ya kutu haikai.

Pili, hesabu. Tuseme mama mmoja anataka MKATE NA CHAI juu ya ubao wa sentimeta 150. Tunaacha 10 kila upande, zinabaki 130. Herufi ni 11, nafasi kati ya maneno ni 2, jumla 13. Kila moja inapata sentimeta 10. Lakini M ni nene na I ni nyembamba, kwa hiyo I inapunguziwa na M inaongezewa. Asiyehesabu anaanza na herufi kubwa kubwa, kufika mwisho zinabanana kama watu ndani ya lori.

Tatu, mistari miwili inapigwa kwa kamba yenye chaki, herufi zinachorwa kwanza kwa chaki, ndipo rangi inafuata. Rangi ya giza juu ya rangi nyeupe inasomeka mbali. Kivuli cha herufi kinawekwa upande mmoja tu, toka mwanzo mpaka mwisho.

3. Walioanzia hapo

Twende kidogo Kinshasa. Chéri Samba alifika kule mwaka 1972, akiwa mdogo kuliko sisi, akafanya kazi kwa waandika vibao. Mwaka 1975 alifungua chumba chake mwenyewe cha kazi. Alipoanza kuchora picha hakuyaacha maneno: aliyatia ndani ya picha ili mtazamaji asimame na kusoma. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris. Mwenzake Pierre Bodo (1953–2015), naye aliyeanza na vibao, alikuwa mchoraji na mhubiri pia. Mkono uliozoea bati la duka haukuzuiwa kufika mbali.

4. Sisi tufanye nini?

Leo mashine inachapa mabango ya plastiki katika miji mikubwa. Lakini pasipo mashine wala umeme, mkono ndio unaobaki. Herufi moja ikikosewa, mtoto wa shule ya msingi anaikariri akifikiri ni sawa. Ukiona kosa, hapana kucheka. Sema kwa heshima: «Papa, samahani, neno hili tumelisoma hivi.» Naye anaweza kukufundisha kushika burashi, jambo ambalo daftari halifundishi.

Kazi ya juma hili

a) Soma vibao 5 njiani. Kipi kinasomeka toka mbali, na kwa sababu gani?
b) Pima ubao wa kalasi yako, upange maneno KARIBUNI WAGENI WETU kwa hesabu tuliyoonyesha.
c) Je, kuna kibao kinachoahidi kitu kisichokuwamo ndani? Jadilianeni bila kutaja jina la mtu.