Stroberi Nyuma ya Jikoni

Je, mna kipande cha mita moja kwa mbili nyuma ya jikoni? Kama unaishi sehemu za baridi, mfano Lushoto au Limuru, panda stroberi. Lakini usikimbilie jembe! Kwanza chunguza kama jua linapiga hapo kwa masaa sita hivi kila siku. Halafu, kiangazi maji atachota nani? Kama ni dada yako, ongeeni mapema.

Ukiacha sentimita 30 kati ya miche, 18 inaenea. Nunua sita tu. Itatoa vitawi vya kutambaa, vikiota mizizi unavihamisha.

Kwa nini ujisumbue? Vitamini C yake husaidia mwili kunyonya madini ya chuma ya maharage na mchicha. Wasichana, nyinyi mnaopoteza damu kila mwezi, hapa mtege sikio. Ila tunda liliwe pamoja na mlo wenyewe, na chai isubiri kama saa moja.