Akiba ya Safari: Hesabu Zetu za Bukoba Hata Kampala

Waliotangulia kuandika katika kurasa hizi za Nchi Jirani wametueleza habari za milima, maziwa na miji, nasi tumefaidika. Lakini ni wachache waliotuambia safari zao ziligharimu nini, na ni wachache zaidi waliotuambia walifanyaje gharama zilipozidi makisio. Mimi nilikuwa mwandishi wa hesabu wa jamaa yetu tulipokwenda Kampala mwezi wa Desemba 2024, na daftari lile ninalo. Nitawasomea baadhi ya mistari yake.

Tulikuwa watu watano: Baba, Mama, Bibi mzaa Baba, mdogo wangu wa kike mwenye miaka saba, na mimi. Shangazi yetu ameolewa Kampala, na binti yake alikuwa akimtambulisha mchumba wake kwa wazazi, sherehe ambayo Waganda huiita kwanjula. Baba alikuwa amekwisha peleka mchango wake tangu Oktoba. Makisio yetu yalikuwa haya: hati za dharura za kusafiria, shilingi 100,000, nauli ya kwenda na kurudi, 350,000, chakula cha njiani, 40,000, zawadi, 60,000, na nauli za mjini, 50,000. Jumla 600,000. Juu ya hizo Baba aliweka robo yake, yaani 150,000, nazo akaziita akiba. Hatukulipa kitanda wala chakula cha Kampala, kwa maana tulilala kwa Shangazi.

Kabla sijaendelea, yafaa niseme neno juu ya mambo yanayoitwa ya ghafula na kumbe si ya ghafula. Uganda hutaka msafiri awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo haianzi kufaa siku ya kuchomwa sindano, ila baada ya siku kumi. Na ikisha anza, hufaa maisha yote, kwa kanuni iliyoanza Julai 2016. Mtu anayekimbilia sindano siku moja kabla ya safari amenunua karatasi ambayo mpakani bado haijawa na nguvu. Baba aliuliza habari hii mapema, na wote tukawa na kadi. Ni kazi ya siku moja ya kuuliza, nayo haina gharama ila viatu.

Sasa habari ya kugawa fedha. Baba hakuziweka fedha zote katika mfuko mmoja. Za matumizi ya kila siku alishika mwenyewe. Akiba alipewa Mama, akaifunga katika pindo la kanga. Nauli ya kurudi alipewa Bibi. Nilimwuliza Baba sababu ya kumpa Bibi, akacheka, akasema kwamba katika nyumba yetu hakuna mtu awezaye kumwomba Bibi fedha bila kueleza kwa kirefu, na mara nyingi mwombaji huona haya katikati ya maelezo akaacha. Nadhani benki nyingi hazina ulinzi kama huo.

Njia ya kutoka Bukoba hupita daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera, lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Bibi alitusimulia habari hizo mpaka tukafika Mutukula. Hapo mpakani, tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa rasmi Novemba 2017, msafiri husimama upande mmoja tu, na maofisa wa nchi zote mbili humshughulikia pale pale. Tulimaliza upesi. Kilichotuchukua muda ni kubadili fedha, na hapa nawaomba wenzangu wa kidato cha kwanza wachukue kalamu.

Siku ile shilingi 100,000 za kwetu zilipata shilingi 148,000 za Uganda. Lakini aliyetaka kurudishiwa 100,000 za kwetu alitakiwa atoe 155,000 za Uganda. Basi mtu akibadili 100,000 asubuhi, asinunue hata ndizi moja, kisha azibadili tena jioni, atapata 95,500 hivi. Shilingi 4,500 zimekwenda kwa kuvuka barabara. Kwa sababu hiyo hatukubadili fedha zote. Hata nauli ya kurudi tuliikata vipande viwili: 125,000 tulizibadili zikawa 185,000 za Uganda, kwa kipande cha Kampala hadi Mutukula, na 50,000 Bibi alibaki nazo vile vile, kwa kipande cha Mutukula hadi Bukoba. Kila shilingi ilitumiwa katika nchi yake.

Bibi alishangaa kuona kazi hii yote. Alipokuwa msichana, shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja tu, na mtu wa Bukoba alinunua kitambaa Masaka kwa fedha ile ile aliyouzia kahawa nyumbani. Mwaka 1966 ndipo kila nchi ilipoanza kutoa fedha yake. Tarehe 30 Novemba 2013 wakuu wa nchi zetu walitia sahihi, mjini Kampala, mkataba wa kuwa tena na fedha moja baada ya miaka kumi. Miaka hiyo kumi imepita, na wabadilishaji wa Mutukula wangali na kazi.

Gharama ya kwanza iliyozidi ilitukuta Lukaya, mbele ya Masaka. Basi liliharibika saa nane ya mchana, na kondakta akasema kila mtu ajitafutie gari. Gari dogo la kwenda Kampala lilitaka shilingi 20,000 za Uganda kwa kila kichwa, yaani 100,000 kwetu sote. Abiria wengine walianza kupiga kelele. Baba hakupiga kelele. Alishauri abiria wachague wazee watatu, nao wakamwendea kondakta kwa upole na tiketi mikononi, wakamwuliza kwa kalamu na karatasi: tumelipa mpaka Kampala, umetufikisha hapa, je, kipande kilichobaki ni cha nani? Baada ya simu nyingi kondakta alirudisha 8,000 kwa kila abiria. Kwetu zilikuwa 40,000, na pengo la 60,000 likatoka katika akiba: kwa fedha ya kwetu, 40,500. Palipokuwa na kelele tu asubuhi hiyo, maana basi jingine nalo lilikuwa limekufa hapo, tuliambiwa hakuna aliyerudishiwa kitu.

Gharama ya pili haikuwa na mjadala. Usiku wa pili mdogo wangu alishikwa na homa kali, akatetemeka. Shangazi alisema tungoje asubuhi, huenda ni uchovu. Mama hakungoja. Alifungua pindo la kanga, akatoka na Baba na mtoto, wakaenda zahanati iliyo karibu. Damu ilipimwa, ikaonekana malaria, akapewa dawa ya mseto. Kuandikishwa, kipimo na dawa vilikuwa shilingi 85,000 za Uganda, yaani 57,400 zetu. Siku ya tatu mtoto alikuwa akicheza. Katika akiba zilibaki 52,100.

Ndipo ikaja ya tatu, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu ilikuja na heshima. Wiki ile mvua ilinyesha sana, na kamati ya sherehe ikaona lazima kukodi hema la pili. Kaka mkubwa wa mume wa Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati, alikuja jioni, akaketi, akaeleza kwa adabu kwamba kila upande wa jamaa uongeze shilingi 150,000 za Uganda. Kwa fedha ya kwetu ni 101,000 na zaidi. Akiba ilitosha nusu na kidogo tu.

Wasomaji, semeni wenyewe. Mtu mzima, mbele ya wakwe, nyumbani kwa dada yake, atasema hana? Baba alinyamaza. Nilijua anawaza nini, kwa maana katika simu yake zilikuwamo shilingi 300,000, ada yangu ya Januari. Shule yetu ni ya misheni, na asiyelipa ada hupewa barua ya kwenda nyumbani. Wakala wa Kampala hatoi fedha ya laini ya Tanzania kama wakala wa Bukoba. Yabidi kuituma kwa mtu mwenye laini ya Uganda, nayo ina makato yake na kiwango chake cha kubadili. Lakini njia ipo, na Shangazi alikuwa na laini. Ilitaka vidole tu.

Wageni walipotoka, Mama alimwuliza Baba neno moja: "Tusipolipa usiku huu, kesho itagharimu zaidi?" Nililiandika katika daftari jinsi lilivyo, kwa sababu ndilo swali alilokuwa akitumia tangu tulipoanza safari. Lukaya jibu lilikuwa ndiyo: giza lingetukuta njiani na kitanda kingelipiwa. Homa ya mtoto, ndiyo tena, na gharama yake isingekuwa ya fedha tu. Hema? Hapana. Hema lingesimama, kubwa au dogo. Kilichokuwa hatarini ni uso wetu, na uso una njia nyingine za kuoshwa.

Baba akasema, "Mimi siwezi kumwambia." Bibi, aliyedhaniwa amelala, akasema, "Wewe huwezi. Mimi naweza, mwanangu. Anayeozwa ni mjukuu wangu."

Asubuhi Bibi alimwita mkuu wa kamati. Alisema kwa Kihaya, na Shangazi akafasiri kwa Kiganda. Alimpa kwanza kikapu cha kahawa ya kutafuna na mfuko wa senene waliokaangwa, tuliokuwa tumewaleta kutoka nyumbani (ingawa kumpelekea Muganda senene ni kama kupeleka samaki ziwani). Kisha akamwambia: "Mkwe wangu, tulileta sehemu yetu Oktoba. Mtoto ameugua, nawe umeona. Tuna 50,000, na mikono. Mwanangu huyu na mjukuu huyu watapanga viti na kubeba maji tangu alfajiri." Hakueleza zaidi, wala hakuomba radhi. Mzee yule alicheka, akapokea kwa mikono miwili. Alfajiri ya sherehe Baba na mimi tulipanga viti mia mbili na arobaini. Nilivihesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Hema lilikuwa moja, na mvua haikunyesha. Mama na Bibi waliazimwa gomesi na jirani za Shangazi, na mimi nikaazimwa kanzu.

Wapo wenzangu niliowasimulia habari hii wakasema Bibi alituaibisha. Mimi sioni hivyo. Aibu ingekuwa kuahidi 150,000 mbele za watu na kutoroka na basi la alfajiri, jambo ambalo limewahi kutendeka katika sherehe nyingi. Aliyesema alichonacho, akakitoa mara moja, alikaa mezani pamoja na wazee mpaka mwisho.

Hizo 50,000 zilikuwa 33,800 za kwetu. Akiba ikabaki 18,300. Siku ya kurudi nauli ya Kampala hadi Mutukula ilikuwa imepanda kwa ajili ya Krismasi, kutoka 37,000 hadi 40,000 kwa kila mtu, na hilo likala 10,100 nyingine. Mutukula Bibi alifungua kitambaa chake, akahesabu zile 50,000 mara mbili, akampa Baba. Tulifika Bukoba magharibi na akiba ya shilingi 8,200. Ada yangu ililipwa tarehe ileile iliyoandikwa.

Daftari lina safu nne: jambo, fedha ya Uganda, fedha ya kwetu, na mfuko uliotoa. Kila jioni baada ya chakula nilimsomea Baba, na kila asiposadiki, Mama alisadiki. Mwanafunzi atakaye kunakili mistari yake na aje bwenini kwetu baada ya masomo ya jioni. Wanafunzi wa zamani wanaokwenda Rwanda kwa njia ya Rusumo watabadili safu ya pili tu, iwe ya faranga.